Friji Inakutekenya, Spika Zinavuma: Anzia Nje, Kwenye Ethirodi

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nikigusa friji nikiwa peku nahisi kama sisimizi wanatembea mkononi." "Laptop ikiwa kwenye chaji inanitekenya." "Spika zetu za kwaya zinavuma tangu tuunganishe kompyuta." "Jioni tukiwasha taa, redio haisikiki." Na karibu kila anayeuliza ameshaingia gharama: ameuza friji, amenunua spika nyingine, na tatizo limebaki palepale.

Nimefunga na kurekebisha umeme wa nyumba hapa Mwanza muda wa kutosha kujua kwamba wengi huanzia pasipofaa. Wanaanza na kifaa, kisha soketi, kisha ukuta. Mimi nakuomba uanze uani, pale waya wa kijani na njano unapoingia ardhini. Jiji letu limekaa juu ya mawe, na ethi nyingi za hapa ni ethi za jina tu.

Jambo la kuelewa kabla ya kushika bisibisi

Umeme wa nyumbani ni volti 230. Unakuja kwa fezi na kurudi kwa nyutro. Ethi, yaani waya wa tatu, haina kazi siku za kawaida. Siku yake ni ile fezi inapogusa bati la friji: hapo ethi inatakiwa iupeleke umeme ardhini kabla haujapita kwako. Kwa kawaida kutoka nguzoni unaletewa fezi na nyutro tu, ethi ni rodi yako mwenyewe, ile fimbo ya chuma inayogongwa ardhini uani.

Sasa fikiria nyumba ya mlimani, iwe Isamilo, Bugando, Igogo au Mabatini. Fundi anaigonga rodi kwa nyundo, inazama sentimita 40, inakutana na jabali. Badala ya kutafuta sehemu nyingine anachukua msumeno, anakata iliyobaki, anafunga waya na kufunika kwa zege. Ukitazama, kila kitu kipo. Nimewahi kung'oa rodi ya namna hiyo kwa mkono mmoja.

Piga hesabu. Tuseme ethi yako ina ukinzani wa omu 50, ambayo kwa mlimani si mbaya hata kidogo. Volti 230 ukigawa kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haitikisiki. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haikatiki. Friji itakaa na umeme kwenye bati lake mchana na usiku, na kilichobaki ni mtoto aje aishike akitoka kuoga. Kwa sababu hiyo, nyumba yenye ethi yake ya rodi haiwezi kutegemea breka peke yake. Inahitaji RCD ya miliampea 30, kile kifaa cha kwenye boksi la meni chenye kitufe cha T, ambacho hukata umeme unapovuja kidogo tu.

Vitu vya kuwa navyo

- Maltimita ya dijitali inayopima volti za AC na omu. Testa peke yake haitoshi. Taa yake huwaka kwa umeme mdogo mno, hivyo inaweza kuwaka pasipo na hatari, na ikakaa kimya penye hatari ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.
- Waya mmoja mrefu, wa milimita 1.5, unaofika kutoka kwenye rodi hadi soketi ya mbali kabisa.
- Bisibisi zenye mipini mizima, spana ya kukaza klampu (kile kibano kinachoshika waya kwenye rodi), brashi ya waya au msasa.
- Redio ndogo ya betri yenye AM.
- Viatu vikavu vya soli ya mpira, daftari, na mtu mzima wa pili anayejua meni swichi ilipo.

Usiguse mita ya LUKU wala lakiri zake, waya unaotoka nguzoni, wala ndani ya boksi la meni. Kazi yako humu ni kukagua na kupima. Kubadilisha waya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na ukishakagua utajua umwambie nini.

Usifanye kazi hii mawingu yakiwa yanajikusanya. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba zake hupenda usiku na alfajiri. Rodi ni njia ya radi pia.

Na kama maji ya shawa ya umeme yanakupiga shoti, hata kidogo tu, acha kusoma. Zima meni, waambie wote nyumbani wasioge kwa hita hiyo, mwite fundi leo.

Hatua za kufuata

1. Andika dalili. Kifaa gani, saa ngapi, mvua au jua, nani mwingine aliyeihisi. Kama shoti inahisiwa kwenye vifaa vingi kwa pamoja, mkosaji ni ethi ya nyumba. Kama ni kifaa kimoja tu, kichomoe sasa hivi na kisitumike hadi umalize.

2. Zima meni, kisha nenda kwenye rodi. Zima kwanza, usipuuze hili. Kama kuna hitilafu ndani na rodi imeshika vibaya, rodi yenyewe na waya wake vinaweza kuwa na umeme. Ukishazima, angalia haya:

Waya upo? Swali linaonekana la kijinga, lakini shaba inauzika, na mara kadhaa nimekuta waya umekatwa usawa wa ukuta na wenye nyumba hawana habari kwa miaka. Klampu imekaza? Ukiona ukungu wa kijani pale shaba inapokutana na klampu, fungua, sugua kwa brashi hadi ing'ae, kaza upya. Kisha ishike rodi uitikise. Rodi iliyozama mita moja na zaidi kwenye udongo haichezi. Ikicheza kama jino bovu, umeshapata jibu la nusu ya matatizo yako.

3. Kagua ekstensheni mezani, ikiwa haijachomekwa. Weka mita kwenye omu. Ncha moja iguse pini kubwa ya juu ya plagi, nyingine tundu la juu la ekstensheni. Isome karibu na sifuri. Isiposoma kitu, ekstensheni hiyo ina matundu matatu kwa sura tu, ndani zimepita nyaya mbili. Zipo nyingi sana madukani. Itupe, au ibaki ya kuchajia simu.

Hapa nikemee tabia moja: kuingiza kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Pini ndefu ya ethi ndiyo iliyokusudiwa kufungua vile vizuizi vya ndani vinavyoziba matundu mawili ya chini, na inaingia ya kwanza ili kifaa kipate ethi kabla ya umeme. Ukizoea kijiti, watoto nao watajifunza, na siku moja kijiti kitakuwa msumari.

4. Washa meni, pima volti. Tumia ekstensheni uliyoithibitisha, ya aina ambayo matundu yake hayana vizuizi, ili usihangaike na soketi ya ukutani. Kabla ya kugusa chochote hakikisha waya mwekundu wa mita uko kwenye tundu la volti. Ukiwa kwenye tundu la ampea, ukichomeka tu umetengeneza shoti mkononi mwako. Chagua volti za AC, kipimo cha juu kabisa. Shika ncha nyuma ya kinga zake.

Pima mara tatu na uandike: fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi, nyutro kwa ethi.

Inavyotakiwa: ya kwanza karibu 230, ya pili karibu sawa na ya kwanza, ya tatu volti chache tu. Ikiwa fezi kwa ethi ni 100 au 120 na nyutro kwa ethi nayo ni kama hiyo, ethi inaelea, haijafika popote. Ikiwa nyutro kwa ethi ndiyo inasoma 230, fezi na nyutro zimepishana. Swichi za vifaa vyako zinakata nyutro, na taa "iliyozimwa" ina umeme kwenye holda. Hilo ni la fundi, tena haraka.

Tahadhari kubwa: kusoma 230 kati ya fezi na ethi hakuthibitishi kwamba rodi ni nzuri. Mita inavuta umeme mdogo sana, kwa hiyo hata rodi mbovu ya omu elfu moja itakuonyesha 230 safi. Kipimo hiki kinagundua ethi iliyokatika. Ethi dhaifu kinaipita bila kuiona. Kuna watu huchukua balbu na kuiunganisha kati ya fezi na ethi "waone kama inawaka". Usithubutu. Ethi ikiwa dhaifu, kwa muda huo mabati yote ya vifaa vilivyounganishwa nayo, kuanzia friji hadi pasi, yanapata umeme kwa pamoja.

5. Zima meni tena, fuata waya wa ethi ndani ya nyumba. Funga waya mrefu kwenye klampu ya rodi, uulete hadi soketi. Weka omu. Kwanza gusanisha ncha za mita ukitumia waya ule mrefu peke yake, uone waya wenyewe unasoma ngapi, utoe. Kisha pima kati ya waya huo na tundu la ethi. Jibu liwe chini ya omu moja au mbili. Fanya hivyo soketi kwa soketi, andika. Usitegemee mlio wa mita, kwa sababu mita nyingi hulia hata kwenye omu 30. Soma namba. Soketi moja ikikataa na jirani yake ikakubali, waya umelegea kati ya hizo mbili.

6. Washa meni, kisha bonyeza kitufe cha T kwenye RCD. Umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, RCD imekufa, ibadilishwe. Kama boksi lako halina kabisa, hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia kabla ya stabilaiza, kabla ya spika mpya. Kumbuka tu kwamba kitufe hicho kinajaribu RCD yenyewe. Rodi hakiigusi.

7. Tengeneza rodi kwenye mawe. Hapa unamhitaji fundi, lakini simama naye.

Usimruhusu akate rodi. Ikigonga mwamba, ahame. Sehemu nzuri huwa upande wa chini wa kiwanja, penye udongo uliokusanyika na unyevu: kwenye migomba, au maji ya bafuni yanapomwagikia. Kama hakuna kina popote, kuna njia mbili zinazofanya kazi kwetu. Moja ni kupiga rodi fupi kadhaa na kuziunganisha kwa waya wa shaba, zikiachana angalau kwa urefu wa rodi yenyewe, maana zikibanana zinafanya kazi kama moja. Nyingine ni kuchimba mtaro wa nusu mita kwenda chini, mrefu kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kulaza waya mtupu wa shaba, kisha kufukia kwa udongo laini ulioondolewa kokoto. Ukipata bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, uweke kuzunguka shaba.

Kuhusu chumvi na mkaa: ndiyo, kipimo kitashuka siku hiyo. Halafu masika itaiosha chumvi, na iliyobaki itakula klampu.

Walio karibu na maji, tuseme Luchelele au Igombe, wasijione salama kwa sababu tu wanaliona ziwa. Mchanga wa juu hukauka upesi. Huko dawa ni kina: rodi mbili zilizoungwa ncha kwa ncha hadi zifike penye unyevu wa kudumu.

Mdai fundi aje na mita ya kupimia ethi, ile anayochomeka vijiti viwili ardhini mbali na rodi. Penye RCD ya miliampea 30, zaidi ya omu 200 ni rodi isiyotegemewa, kwa sababu ukame ukizidi nayo itapanda tena. Ikiwezekana shusha mbali chini ya hapo. Kipimo cha Aprili kinapendeza, lakini cha Agosti ndicho cha kweli.

8. Sasa shughulikia mivumo na mikwaruzo. Nimeiweka mwisho makusudi, kwa kuwa mara nyingi hatua ya 2 na ya 7 zinaimaliza.

Kwa redio na televisheni: washa redio ya betri, iweke AM mahali pasipo na stesheni, usikilize mkwaruzo. Zima breka za nyumba moja baada ya nyingine. Mkwaruzo ukikoma umejua ni mzunguko upi. Washa breka hiyo, chomoa kifaa kimoja kimoja. Wakosaji wa kawaida ni balbu za LED za bei ya chini, chaja za simu zisizo na jina, na regyuleta za feni. Ikiwa mkwaruzo haukomi hata meni ikiwa imezimwa, unatoka kwa jirani au kwenye nguzo.

Kwa spika: sikiliza aina ya sauti. Mvumo mzito usiobadilika unatokana na umeme wenyewe. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya ni wa kompyuta au chaja yake. Chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya. Mvumo ukikoma, amplifaya haina kosa. Kisha chomoa chaja ya laptop, uitumie kwa betri. Mvumo ukikoma hapo, una ethi mbili zinazozunguka: amplifaya inaufikia ukuta kwa njia yake, kompyuta kwa njia yake, na waya wa sauti unaziunganisha. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Isipotosha, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti katikati ya waya huo.

Usikate pini ya ethi ya amplifaya. Najua mvumo utakoma. Lakini anayeshika maiki ya chuma kwa mkono mmoja na gitaa kwa mwingine ndiye atakuwa njia mpya ya umeme.

Kosa linaloua

Kuna "ujanja" wa kuunga nyutro na ethi ndani ya soketi. Mita inaonyesha namba nzuri kabisa, shoti inaisha, mteja analipa na kushukuru. Kisha siku moja nyutro inalegea, kwenye nguzo au kwenye boksi. Umeme uliopita kwenye balbu na televisheni unatafuta pa kurudi, na njia iliyopo ni ule waya uliounganishwa, ambao umefungwa kwenye bati la kila kifaa. Hapo friji, pasi na jiko la umeme vyote vinaweza kupata hadi volti 230, bila hitilafu yoyote ndani yake. Ukikuta kiungo hicho kwenye soketi yako, zima breka ya soketi hizo, isiwashwe hadi kitolewe.

Bomba la maji nalo si ethi. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, na lile la chuma litampelekea shoti jirani anayefungua koki.

Ukikwama

*Laptop au televisheni inatekenya tu, haipigi.* Ndani ya chaja kuna kapasita za kuchuja kelele, zinazofanya bati lielee kwenye nusu ya volti za ukutani ethi isipokuwepo. Mita itasoma kama 115, ila umeme wenyewe ni kidogo sana. Chaja ya pini tatu kwenye soketi yenye ethi nzima inamaliza hali hiyo. Ya pini mbili itaendelea kutekenya kidogo.

*RCD inakata mvua ikinyesha.* Angalia taa za nje, kengele ya geti, na pampu ya kisima. Zima breka zote, washa RCD, rudisha breka moja moja hadi ikate. Kama inakata hata breka zote zikiwa zimezimwa, nyutro imegusa ethi mahali fulani.

*RCD inakata friji likianza kunguruma, au birika likipata moto.* Kifaa hicho kinavuja. Usimruhusu mtu akuondolee RCD "kwa sababu inasumbua".

*Balbu ya LED inawaka hafifu swichi ikiwa imezimwa.* Huenda swichi inakata nyutro badala ya fezi. Kama swichi iko sahihi, ni nyaya ndefu zilizolala pamoja zinazoambukizana, na balbu ya aina nyingine hutosha.

*Nyutro kwa ethi inasoma volti 10 au zaidi vifaa vizito vikiwa vimewashwa.* Kuna kiungo cha nyutro kilicholegea au waya mwembamba kuliko mzigo. Mwonyeshe fundi daftari lako.

*Baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi na nyingine zinafifia.* Nyutro inakatika. Zima meni mara moja, toa taarifa TANESCO, usiwashe hadi waje. Volti zinaweza kupanda hadi kuunguza kila kilichochomekwa.

*Namba zinakuwa za ajabu ukiwa kwenye jenereta au inveta.* Mashine nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro yake na ardhi, hivyo fezi kwa ethi na nyutro kwa ethi zote zinaweza kusoma nusu nusu, na RCD ya nyumbani isikukinge kama ulivyozoea. Tena inveta za bei ya chini hutoa mawimbi ya umeme yaliyokatwakatwa, na spika zitavuma hata ethi ikiwa safi. Chukua vipimo vyako vyote ukiwa kwenye umeme wa TANESCO, kisha vichukue upya ukiwa kwenye inveta, kurasa mbili tofauti, na fundi aone zote mbili.